ETI, KUMBE NA LUGHA YA KUUNDWA: SARUFI INAPOULIZA "UNAJUAJE?"

Katika toleo hili nimeonelea tujifunze jambo moja la sarufi ambalo halimo katika silabasi yetu na wala halitatahiniwa. Lakini kwa maoni yangu lina faida kuliko mengi tunayokariri usiku wa kuamkia mtihani. Jambo lenyewe ni hili: mtu anapotoa habari, je, lugha yake inamtaka aseme ameijuaje? Na habari hiyo ikimshangaza, je, sarufi ina mahali pa kuuweka mshangao huo?

Nitatumia mfano wa Lojban, lugha ambayo haina mji wala kabila, wala nyanya wa kuitolea hadithi kando ya moto. Iliundwa na watu mezani, kwa kalamu. Huenda ukauliza, ndugu msomaji, ya nini kuhangaika na lugha kama hiyo ilhali Kiswahili chenyewe hatujakimaliza? Swali zuri. Jibu langu linaanzia mbali kidogo, katika kabati la chama chetu.

KISA CHA KAMUSI

Mwaka jana kamusi kubwa ya chama ilitoweka. Mimi ndimi niliyekuwa mtunza vitabu. Ijumaa tulikuwa na mkutano, na Jumatatu asubuhi nilipofungua kabati niliambulia hola. Kamusi haipo! Mwalimu mlezi naye alikuwa safarini, amekwenda kuhudhuria semina ya siku tatu.

Maneno yakaanza kutembea. Mtu wa kwanza, msichana wa darasa letu, alisema: "Ijumaa nilimwona Fulani akitoka chumbani wa mwisho." (Nitamwita Fulani, mwanafunzi wa kidato cha pili wakati huo.) Mtu wa pili akasema: "Kama alitoka wa mwisho, basi lazima anayo yeye." Wa tatu akaja kuninong'oneza saa ya mapumziko: "Nasikia ati kamusi anayo Fulani." Nami, mtu wa nne, nilipoulizwa na mwalimu wa zamu, nilijibu bila hata kumeza mate: "Mwalimu, Fulani ameiba kamusi."

Fulani alitumwa nyumbani alete mzazi. Mamake huuza mboga sokoni, na ilimbidi afunge kibanda siku ya soko ili aje shuleni. Hakuna aliyewaza kumpigia simu mwalimu mlezi. Ya nini, na sote tulikuwa tumekwisha kujua? Alhamisi mwalimu alirejea na kamusi kwapani. Kumbe Ijumaa jioni aliichukua akaipeleka mjini kwa fundi ijalidiwe upya, kwa maana jalada lilikuwa limebanduka!

Siku hiyo hiyo mama alimrudisha mwanawe. Alinikuta mlangoni, akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, wewe ulimwona akiichukua?"

"La, mama. Nilisikia."

"Basi mbona hukusema kwamba umesikia?"

Sikuwa na jibu. Fulani alikuwa amepoteza siku tatu za masomo kwa sababu ya neno moja dogo ambalo mimi nililidondosha njiani. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta habari za lugha zinazomzuia mtu asilidondoshe. Ndipo nilipofika kwenye Lojban.

LUGHA YA KUUNDWA NI NINI?

Lugha tunazozijua, kama Kiswahili, Kikamba au Kijaluo, hazikutungwa na mtu mmoja. Zilikua zenyewe vinywani mwa watu kwa karne nyingi. Lugha ya kuundwa ni ile ambayo mtu au kikundi cha watu kimeketi kikaitungia sauti, maneno na sarufi kwa makusudi. Iliyo maarufu zaidi ni Kiesperanto, ambacho Ludwik Zamenhof alikitangaza mwaka wa 1887 akitumaini kwamba watu wa mataifa mbalimbali wangepata lugha moja ya kuelewana.

Lojban ina lengo lingine. Mwaka wa 1955 Mmarekani aitwaye James Cooke Brown alianza kuunda lugha aliyoiita Loglan. Alitaka kupima dhana isemayo kwamba lugha anayoizungumza mtu huathiri namna anavyofikiri. Mwaka wa 1987 kikundi kiitwacho Logical Language Group kilianza kuunda Lojban juu ya misingi hiyo hiyo, na mwaka wa 1997 kikatoa kitabu kikuu cha sarufi yake, kilichoandikwa na John Cowan. Jina lenyewe limetokana na maneno mawili ya lugha hiyo: logji, yaani mantiki, na bangu, yaani lugha. Mizizi yake ya maneno ni zaidi ya 1,300, na mingi iliundwa kwa kuchanganya sauti za lugha sita: Kichina, Kiingereza, Kihindi, Kihispania, Kirusi na Kiarabu.

Kabla hatujaendelea, neno moja kuhusu matamshi. Katika Lojban herufi c hutamkwa kama "sh" yetu. Alama ya ' katikati ya irabu mbili hutamkwa kama "h". Kwa hivyo ti'e isome "tihe", na carvi, yaani kunyesha mvua, isome "sharvi". Irabu zake a, e, i, o na u hazitamsumbua Mswahili hata kidogo.

ALAMA ZA USHAHIDI

Hebu tuchukue sentensi moja fupi: carvi, yaani "mvua inanyesha". Mwenye kuitamka hivyo ametoa habari tupu. Sasa tuitie alama mbele, tuone inavyobadilika.

(a) za'a carvi. Mvua inanyesha, nami naishuhudia mwenyewe. Nimesimama mlangoni, matone yananirukia miguuni.

(b) ti'e carvi. Mvua inanyesha, nimeambiwa. Mimi nimo ndani, mwenzangu ndiye aliyeniletea habari.

(c) ja'o carvi. Mvua inanyesha, nimekata kauli hivyo kutokana na dalili. Sijaiona, wala sijaambiwa, lakini wenzangu wanaingia darasani wamelowa chepechepe.

(d) ba'a carvi. Mvua itanyesha, natarajia. Ukiongeza nai ya kugeuza maana ukapata ba'anai, unasema: nakumbuka.

(e) pe'i carvi. Kwa maoni yangu ni mvua. Usinishike shati, hayo ni mawazo yangu tu.

(f) se'o carvi. Nimelijua jambo hili kwa njia ya ndani, kama vile ndoto au ufunuo.

(g) ka'u carvi. Ndivyo tunavyojua katika mila zetu. Hii ndiyo alama ambayo ningeiweka mbele ya methali na masimulizi ya wazee.

Tazameni (a) na (b) kwa makini. Katika Kiswahili mtu akisema "Nasikia mvua inanyesha", amesema nini? Huenda anasikia kwa masikio yake matone yakipiga mabati. Huenda pia ameambiwa na mtu kwa simu. Maneno ni yale yale, lakini ushahidi ni tofauti kabisa! Katika Lojban anayesikia mabati yakilia atatumia za'a, kwa kuwa kusikia kwa sikio lako mwenyewe ni kushuhudia. Aliyeambiwa atatumia ti'e. Haziwezi kuchanganywa.

Ipo alama nyingine iitwayo ju'a. Huyo ndiye mwepesi wa wote: maana yake ni "nasema tu", bila kueleza msingi. Msomaji asidhani imetoka kwa "jua" letu, kufanana huko ni bahati tu. Lakini ukiitia pei, ambayo ni alama ya kuuliza, unapata ju'apei, na maana yake ni swali zima: "Unajuaje?" Niliposoma hapo nilimkumbuka mama wa Fulani. Swali lake pale mlangoni lilikuwa hilo hilo.

Faida ya alama hizi ni kwamba hubadilisha hata mabishano. Mtu akisema ja'o, huna haja ya kumwita mwongo. Unaweza kumwambia: "Dalili zako nimezikubali, lakini hesabu yako ina kasoro. Huenda walilowa kwa sababu bomba limepasuka." Akisema ti'e, unamuuliza: "Nani aliyekwambia?" Akisema za'a, unamuuliza alikuwa amesimama wapi. Kila alama ina swali lake. Lakini asiyeweka alama yoyote hukuacha huna pa kumshikia.

ALAMA ZA MSHANGAO

Sasa tuingie upande wa pili. Lojban ina maneno mafupi sana ya kuonyesha hisia, na la mshangao ni ue. Hutamkwa karibu na "we", jambo lililonichekesha, maana hata sisi mtu akitushtua tunasema "Wee!" Huko nako ni kufanana kwa bahati.

Do ni "wewe" na klama ni "kuja" au "kwenda". Basi:

ue do klama. "Ala! Umekuja!"

Neno hili likikaa mwanzoni, mshangao huenea juu ya sentensi nzima. Likikaa baada ya neno fulani, mshangao hulishika neno lile tu:

do ue klama. "Kumbe ni wewe uliyekuja!" Nilijua mtu atakuja, lakini sikutarajia uwe wewe.

do klama ue. "Kumbe umekuja!" Nilijua utafanya jambo, labda utatuma barua, lakini kuja sikukutarajia.

Mshangao wenyewe una vipimo kama vya kibaba na pishi. Ueru'e ni mshangao mdogo, wa kuinua nyusi tu. Uesai ni mkubwa. Uecai ni wa kushika kichwa kwa mikono miwili. Uecu'i ni hali ya kutoshangaa sana. Na uenai ni kinyume cha mshangao: "Nilitarajia." Hapo Mswahili angesema, "Si nilisema mimi!"

Kisha lipo neno jirani, ua, ambalo ni la ugunduzi. Mtu ametafuta jibu la hesabu nusu saa, mara likamjia: ua! Kinyume chake, uanai, ni kuchanganyikiwa.

Hapa ndipo nilipogundua jambo kuhusu Kiswahili chetu ambalo sikuwahi kulifikiria. "Loo!" na "Lahaula!" ni vihisishi vya mshangao mtupu. Unaweza kusema "Loo!" ukiona ajali barabarani, hata kama hukuwa na wazo lolote kabla. Lakini je, unaweza kusema "Kumbe!" kwa namna hiyo? Jaribu: basi linapinduka mbele ya macho yako, nawe unapaza sauti, "Kumbe!" Watu watakushangaa. Kumbe ni neno la mtu aliyegundua kwamba picha iliyokuwamo akilini mwake haikuwa sahihi, au ilikuwa na pengo. Ndani yake mna ue na ua pamoja, mshangao na ugunduzi. Tena aghalabu mna kukiri: "Nilikuwa nimekosea." Niliposema "Kumbe kamusi ilikuwa kwa fundi!" nilikuwa nimekiri, nipende nisipende, kwamba hapo awali niliamini jambo lingine.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba katika Lojban mshangao na ushahidi ni vitu viwili, na unaweza kuviweka pamoja. Ue za'a do klama: nashangaa, na naona kwa macho yangu kwamba umekuja. Ue ti'e do klama: nashangaa, lakini nimeambiwa tu kwamba umekuja. Mtu akipata habari ya kushtua huwa rahisi sana kusahau kuuliza imetoka wapi. Mshangao hufunika ushahidi kama vumbi linavyofunika maandishi ubaoni. Lojban imevitenga viwili hivi ili kimoja kisimeze kingine.

SI LUGHA ZA KUUNDWA PEKE YAKE

Msidhani hizi ni ndoto za watu wa mezani tu. Zipo lugha za kuzaliwa zenye mambo haya ndani ya vitenzi vyao. Katika Kituruki, "Kemal geldi" ni "Kemal alikuja", habari anayoitoa mtu kama jambo analolijua moja kwa moja. "Kemal gelmiş" ni Kemal amekuja, lakini msemaji ameambiwa, au ameona dalili kama koti lake likining'inia, au ameshtuka kumkuta. Kiambishi kimoja cha -miş kimebeba uvumi, dalili na mshangao kwa pamoja, na muktadha ndio unaoamua. Katika Kituyuca, lugha ya Wahindi wekundu wa Kolombia na Brazili, kuna aina tano za viambishi vya mwisho wa kitenzi: niliona, nilisikia au kuhisi, nimeona dalili, nimeambiwa, na nadhania kwa kuwa ndivyo iwavyo. Mwaka wa 1997 Scott DeLancey, mtaalamu wa isimu wa Marekani, aliandika makala akisema kwamba mshangao una haki ya kupewa fungu lake katika sarufi za lugha za dunia, usihesabiwe kuwa tawi la ushahidi. Wataalamu wengine walimpinga. Lakini ukitazama jinsi Lojban ilivyotenga ue na za'a, utaona kwamba waundaji wake walikwisha kuchagua upande.

PALE AMBAPO HAKUNA HIARI

Lojban, hata hivyo, ina mlango mmoja ulio wazi. Alama zake za ushahidi ni za hiari. Ukitaka unaziweka, usipotaka unaziacha, na sentensi bado ni sahihi. Mtu wa nne, yaani mimi, angeweza kuzungumza Lojban safi na bado akamharibia Fulani jina.

Kwa hivyo nikatafuta lugha nyingine ya kuundwa, nayo ni Láadan. Iliundwa kuanzia mwaka wa 1982 na Suzette Haden Elgin, mwanamke Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa isimu na mwandishi wa riwaya. Yeye alitaka lugha ambayo ingewawezesha wanawake kueleza mambo wanayoyaona na kuyahisi bila kutumia maneno mengi, na akaitumia katika riwaya yake Native Tongue ya mwaka wa 1984. Tazameni sentensi hii ya Láadan:

Bíi hal with wa.

Bíi huonyesha kwamba ninatoa kauli, siulizi wala siombi. Hal ni kufanya kazi. With ni mwanamke. Na wa? Wa ndiyo sahihi yangu: nimelishuhudia jambo hili mwenyewe. Sentensi nzima ni "Mwanamke anafanya kazi, nami nimejionea." Sarufi inadai kauli ifungwe kwa neno la namna hii, na yapo kadha wa kadha:

wa: nimejionea au nimehisi mwenyewe;
wi: jambo ni dhahiri, kila mtu analijua;
we: nimeliona ndotoni;
wáa: nimeambiwa, na ninamwamini aliyeniambia;
waá: nimeambiwa, lakini simwamini aliyeniambia;
wo: nimebuni mwenyewe, kama katika hadithi;
wóo: sijui hata kidogo kama ni kweli.

Angalieni wáa na waá. Tofauti ni mahali sauti inapopanda tu, lakini kimaana ni mbingu na ardhi. Elgin hakutosheka na "nimeambiwa". Alitaka msemaji aseme pia kama yeye mwenyewe anasadiki.

Bíi nayo huongezwa viambishi vya hali ya msemaji. Bíid ni kauli ya hasira, bíida ni ya mzaha, bíiya ni ya hofu, bíidi ni ya kufundisha. Kwa hiyo mtu hawezi kumtusi mwenzake, kisha akakimbilia kusema, "Aa, nilikuwa nafanya mzaha tu!" Ataulizwa: mbona hukusema bíida?

NA KISWAHILI CHETU JE?

Sasa turudi nyumbani. Je, Kiswahili ni maskini katika jambo hili? La hasha! Vifaa tunavyo. Tunayo "eti", ambayo wengi wetu katika mazungumzo husema "ati". Tunayo "inasemekana", "yadaiwa", "nasikia", "naona", "huenda", "nadhani" na "lazima". Tena "eti" yetu si ti'e kamili. Ti'e haina upande, inasema tu kwamba habari ni ya kuambiwa. "Eti" huinamia upande wa shaka, na wakati mwingine upande wa dharau: "Eti yeye ndiye anayejua kila kitu!" Hapo imekaribia waá ya Láadan. Ukitaka kuambiwa kusikokuwa na dharau, sema "nimeambiwa", kisha mtaje aliyekwambia.

Umaskini wetu hauko kwenye maneno, uko kwenye desturi ya kuyadondosha. Hebu tukirudie kisa cha kamusi, safari hii tukiwa na alama mkononi:

Mtu wa kwanza: za'a. Alimwona Fulani akitoka wa mwisho. Hilo lilikuwa kweli, na hakusema zaidi ya alichokiona.

Mtu wa pili: ja'o. Alikata kauli. Kauli yake ilikuwa na kasoro, lakini neno "lazima" lilionyesha wazi kwamba ni hesabu ya kichwani.

Mtu wa tatu: ti'e. "Nasikia ati." Alibeba habari ya watu, lakini na lebo yake aliibeba.

Mtu wa nne: hakuna kitu.

Mnaona? Watatu wa kwanza hawakusema uongo. Habari iliharibika pale ilipovuliwa alama ya mwisho, na aliyeivua ni mimi. Mwalimu wa zamu alisikia kauli tupu kutoka kwa mtunza vitabu, akaichukua kama ya mtu aliyeona.

Wahenga walisema, lisemwalo lipo na kama halipo laja. Siwapingi wahenga, lakini methali hii tumeigeuza kuwa kitanda cha kulalia wavivu. Kamusi ya kuibwa haikuwapo, wala haikuja. Kilichokuja ni mama kufunga kibanda chake siku ya soko.

Haki ilivyo, sarufi peke yake haimfanyi mtu kuwa mkweli. Mzungumzaji wa Láadan anaweza kusema wa juu ya jambo ambalo hakuliona. Lakini hapo atakuwa amedanganya mara mbili: juu ya jambo lenyewe, na juu ya macho yake. Mimi siku ile sikuhitaji kudanganya juu ya macho yangu. Lugha haikuniuliza, nami sikusema. Nafikiri kama ingeniuliza, hata kwa silabi moja tu, ningesita. Na kusita kidogo kungetosha.

ZOEZI

Ili somo hili lisiishie hewani, jaribuni maswali haya mkiwa wawili wawili:

1. Weka alama ya Lojban inayofaa mbele ya kila kauli: (i) Mwalimu wa hisabati hatakuja leo, kiranja ndiye aliyesema. (ii) Mpishi ameunguza githeri, harufu naisikia. (iii) Taa zimezimwa ofisini, bila shaka walimu wameenda nyumbani.

2. Eleza kwa nini "Loo, umepita mtihani!" na "Kumbe umepita mtihani!" hazina maana moja. Ni ipi kati yake inayoweza kumuudhi mwenzako, na kwa nini?

3. Chukua habari moja uliyoisikia leo shuleni. Iandike mara tatu: ya kwanza ukitumia "eti", ya pili "nimeambiwa na...", ya tatu bila chochote. Je, uko tayari kuitia sahihi ya tatu?

Nikimalizia, Fulani sasa ni mwanachama mwenzetu, na kamusi ile iliyojalidiwa huitumia kuliko mimi. Nilimsomea makala haya kabla ya kuyawasilisha kwa mhariri, naye akanipa ruhusa, mradi nisimtaje jina. Aliongeza sharti moja: niandike kwamba yeye alinisamehe. Basi naandika: Fulani amenisamehe. Za'a, nilimsikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Wasalaam.